Wafanyakazi wa Mwanzo na Uhai wa Kampuni Changa

Hotuba kwa waanzilishi wa kampuni changa na wafanyakazi wao, Dar es Salaam

Mheshimiwa mwenyekiti, waanzilishi wa kampuni mliopo hapa, wafanyakazi wenzangu, mabibi na mabwana.

Katika mikutano ya namna hii tumezoea kuzungumzia mtaji. Mwanzilishi husimama akaeleza wazo lake, mwekezaji akauliza ukubwa wa soko, na yule anayepokea simu ya mteja aliyekasirika saa mbili usiku hatajwi kabisa. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuandaa mikataba ya ajira na hesabu za mishahara za kampuni ndogo za jiji hili, na kwa sababu hiyo nimeziona kampuni hizo kutoka upande ambao wawekezaji hawauoni mara nyingi. Ninachotaka kusema leo ni hiki: kampuni changa huishi au hufa kwa kadiri wafanyakazi wake wa mwanzo wanavyoweza kusema wanachokiona, na kwa kadiri wanavyokuwa na sababu ya kubaki baada ya kukisema.

Kufa kwa kampuni changa hakukuanzia kwetu. Takwimu za kazi za serikali ya Marekani, ambazo hufuatilia biashara mpya mwaka hadi mwaka, zinaonyesha kwamba takribani moja kati ya tano hufungwa kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza, na karibu nusu hazivuki mwaka wa tano. Hiyo ni nchi yenye mikopo, barabara na mahakama za biashara zinazofanya kazi. Mwaka 1965 mwanasosiolojia wa huko, Arthur Stinchcombe, alieleza kwa nini taasisi mpya hufa zaidi kuliko taasisi kongwe, na maelezo yake hayajapitwa na wakati. Alisema kwamba watu wa taasisi mpya hulazimika kujifunza majukumu ambayo hayakuwahi kushikwa na mtu, kwa hiyo hakuna mtangulizi wa kuwafundisha. Kwamba kuyagawa majukumu hayo huleta wasiwasi, migongano na upotevu wa muda. Kwamba watu wenyewe ni wageni, bado hawajajengeana imani. Na kwamba wateja wamekwisha kushikamana na wale waliowazoea. Itazameni orodha hiyo kwa makini. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayoondolewa na fedha peke yake. Kila moja inaondolewa, au inakomazwa, na watu walioajiriwa.

Chukueni kampuni ya watu sita inayosambaza bidhaa kutoka Kariakoo hadi kwa wenye maduka wa Mbagala na Gongo la Mboto. Mhasibu ndiye anayehesabu mzigo unapoingia, dereva ndiye anayekusanya madeni, na dada wa mapokezi ndiye anayejua kwamba mwenye duka fulani hulipa kila Jumatatu na kwamba mwingine hapendi kupigiwa simu wakati wa adhuhuri. Mambo haya hayamo kwenye daftari wala kwenye kompyuta. Dereva akiacha kazi, madeni ya njia nzima yanapotea pamoja naye, hata kama hakuiba shilingi, kwa sababu hakuna mwingine anayejua nani alikubali kulipa kiasi gani na kwa nini alipewa muda zaidi. Kampuni kubwa ikimpoteza dereva huajiri mwingine, na utaratibu wa kazi ukamfundisha. Kampuni ya watu sita haina utaratibu nje ya vichwa vya watu hao sita. Hapo ndipo penye hatari, na hapo hapo ndipo penye nguvu yake.

Niseme kwanza juu ya nguvu, kwa mfano wa huduma ambayo nina hakika wengi wenu mmeitumia kabla ya kufika hapa. Mwezi Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone walianza majaribio ya M-Pesa nchini Kenya, kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, katika maeneo ya Nairobi na Thika. Sehemu ya fedha za kuanzia ilitoka katika mfuko wa maendeleo wa serikali ya Uingereza. Wazo la awali lilikuwa jembamba: mkopaji apokee mkopo wake kwa simu na arejeshe kwa simu, ili gharama za kuhudumia mikopo midogo zipungue. Washiriki walikuwa wachache, wapatao 500, na mawakala walihesabika kwa vidole. Nick Hughes wa Vodafone ndiye aliyelibuni wazo. Susie Lonie, mfanyakazi mwenzake, ndiye aliyepelekwa Nairobi kulisimamia likiwa linatekelezwa.

Waliokuwa karibu na wateja waliona mambo ambayo hayakuandikwa katika mpango. Watu walikuwa wakilipiana mikopo. Wafanyabiashara walikuwa wakiweka mauzo ya mchana kwenye simu ili wasilale na fedha taslimu. Wasafiri walikuwa wakiweka fedha kabla ya kuanza safari na kuzitoa wakifika, kwa kuogopa kuibiwa njiani. Wengine walikuwa wakiwatumia ndugu zao walio mbali. Msimamizi aliyeng'ang'ania mpango angeweza kuyaandika haya yote kama matumizi mabaya na kuyapiga marufuku. Timu ile iliyachukua kama habari. Huduma iliyozinduliwa Kenya nzima mwezi Machi 2007 haikuwa tena huduma ya marejesho ya mikopo. Ilikuwa huduma ya kumwezesha mtu kutuma fedha nyumbani, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Ni kweli kwamba M-Pesa ilizaliwa ndani ya kampuni kubwa yenye fedha, na sidai kwamba kila kampuni changa ina bahati hiyo. Lakini huduma yenyewe ilikuwa changa kama kampuni yoyote iliyoko hapa leo, na ingeweza kufa kimya kimya mwaka 2006 kama walioyaona matumizi yale wasingeyasema, au kama wangeyasema na wasisikilizwe.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanzilishi wa kampuni, baada ya mwaka mmoja, halali tena kwenye kitanda kile. Yuko kwenye mikutano na wawekezaji, yuko BRELA kusajili kampuni, yuko TRA kwa mambo ya kodi, yuko safarini. Anayelala hapo ni wakala, ni fundi, ni msichana wa huduma kwa wateja. Naomba hapa tuongee kwa uwazi juu yetu wenyewe, kwa sababu malezi yetu yanaliongezea jambo hili uzito. Tumefundishwa kwamba mdogo hambishii mkubwa, na kwamba habari mbaya haipelekwi kwa mkubwa mbele ya watu. Ninaithamini heshima hiyo na nisingependa ipotee. Lakini mwanzilishi anayeitegemea heshima hiyo bila kuifungulia mlango, atakaa mwaka mzima akiambiwa kwamba mambo yanakwenda vizuri, hadi siku atakayofungua akaunti ya benki na kukuta hakuna fedha za mishahara. Nimeona kampuni ambayo wauzaji wake wote walijua kuwa wateja wanarudisha bidhaa, na mkurugenzi hakujua, kwa sababu taarifa ya kila wiki ilikuwa na nafasi ya kuandika mauzo na haikuwa na nafasi ya kuandika marejesho.

Dawa yake haihitaji mtaalamu. Kikao cha wiki kianze na aliyeajiriwa mwisho, kabla mkubwa hajatoa maoni yake, kwa kuwa mkubwa akishasema hakuna atakayempinga. Malalamiko ya wateja yasomwe kwa sauti kama yalivyosemwa, bila kusafishwa. Na yule aliyeleta habari mbaya ya kweli ashukuriwe mbele ya wenzake, tena siku hiyo hiyo.

Sasa upande wa hatari. Mwaka 1956 William Shockley, mmoja wa wavumbuzi wa transista, kile kifaa kidogo kinachodhibiti umeme ndani ya vyombo vya elektroniki, alianzisha maabara yake huko Mountain View, California, kwa fedha za mfanyabiashara Arnold Beckman. Mwaka huo huo alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kwa maneno mengine, kampuni ile ilikuwa na kila kitu ambacho mwekezaji wa leo angeomba: jina kubwa, mtaji, teknolojia mpya, na vijana wenye vipaji aliowachagua mwenyewe. Lakini Shockley hakuwaamini watu wake. Alitaka wapimwe kwa mashine ya kupima uongo baada ya mfanyakazi mmoja kupata jeraha dogo. Alibadilisha mwelekeo wa kazi kufuata kifaa alichokipenda yeye, wakati wanasayansi wake waliona kwamba transista za silikoni ndizo zenye soko. Walimwendea Beckman kuomba uongozi ubadilishwe. Mwishowe Beckman akasimama na Shockley. Mwezi Septemba 1957 wanasayansi wanane waliondoka kwa pamoja, wakiwemo Robert Noyce na Gordon Moore, wakaanzisha Fairchild Semiconductor. Maabara ya Shockley haikupata faida kamwe na iliuzwa mwaka 1960. Noyce na Moore waliendelea hadi kuanzisha Intel mwaka 1968. Wanane walipoondoka, Shockley alibaki na majengo, mitambo na tuzo yake, na havikutosha kuendesha kampuni.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, James Baron na Michael Hannan, walianza mwaka 1994 kufuatilia karibu kampuni 200 changa za teknolojia katika Bonde la Silikoni (Silicon Valley), eneo hilo hilo la California. Waliwauliza waanzilishi waliwazaje uhusiano wao na wafanyakazi siku walipoanza: mtu atabaki kwa sababu ya fedha, kwa kuipenda kazi yenyewe, au kwa kujiona kuwa sehemu ya jamaa moja; ataajiriwa kwa ujuzi alionao leo, kwa kipaji cha kesho, au kwa kufaana na wenzake; atasimamiwa kwa amri, kwa taratibu zilizoandikwa, au na wenzake. Walipozifuatilia miaka kadhaa waligundua kwamba kampuni zilizojengwa juu ya kushikamana, yaani ambazo watu walibaki kwa kujiona ni wa pale na wakasimamiana wenyewe, zilikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufa. Waligundua pia jambo la pili, ambalo mimi nalipa uzito mkubwa zaidi: kampuni iliyobadilisha msimamo wake katikati ya safari, kwa mfano kwa kumleta meneja mpya na kanuni mpya za kuwatendea watu, iliongeza watu wanaoacha kazi na iliongeza uwezekano wake wa kufa. Kwa hiyo ahadi unayomwekea mfanyakazi wa kwanza, hata kama uliitamka kwa mdomo mkinywa chai, ni sehemu ya msingi wa kampuni. Ukiivunja mwaka wa tatu hutamkera mtu mmoja tu.

Hili linanipeleka kwenye mshahara, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo nilipoona kampuni nyingi zikijeruhiwa. Kijana aliyehitimu chuo kikuu kwa mkopo wa serikali hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kurejesha mkopo wa Bodi ya Mikopo. Hukatwa kodi ya mapato. Hukatwa mchango wake wa hifadhi ya jamii, kwa kuwa NSSF inadai asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi isiyozidi nusu yake. Kinachobaki kina kodi ya nyumba, nauli na ndugu nyuma yake. Kijana huyo anaweza kukubali mshahara mdogo kuliko ule wa benki kwa sababu anaamini kazi yenu. Asichoweza kukivumilia ni mshahara usiojulikana utakuja lini. Mshahara ukichelewa wiki mbili, anakopa. Ukichelewa tena, anaanza kutafuta kibarua cha jioni, na akili iliyokuwa ikimfikiria mteja wenu inahamia huko. Kama fedha hazipo, mwambieni kabla ya tarehe, na mwambieni ukweli kamili wa akaunti. Nimewaona wafanyakazi waliokubali kwa hiari yao kusubiri, kwa sababu walionyeshwa hesabu. Sijawaona waliosamehe kudanganywa.

Baya kuliko kuchelewesha ni kukata michango na kutoiwasilisha. Mwanzilishi hujiambia kwamba anaazima tu mpaka malipo ya mteja yaingie. Ile si fedha yake. Siku mfanyakazi atakapoangalia taarifa yake ya NSSF na kukuta miezi mitupu, ataelewa kwamba aliyekuwa akimwita "kijana wangu" alikuwa akimchukulia mfukoni, na kampuni nzima itajua kabla ya jua kuzama.

Kuhusu mikataba nitasema machache. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na udogo wa kampuni si kisingizio. Waanzilishi wengi huogopa mkataba kwa kudhani unawafunga wao. Kwa uzoefu wangu mkataba ulioandikwa vizuri huilinda kampuni zaidi, kwa sababu unaeleza kazi ni ipi, siri za wateja ni zipi, na mtu akiondoka anakabidhi nini na kwa nani. Makabidhiano hayo ndiyo yanayozuia madeni ya Mbagala kupotea na dereva.

Hisa nazo zimekuwa neno tamu siku hizi. Mwanzilishi asiye na fedha humwambia fundi wake wa programu kwamba atampa asilimia kadhaa ya kampuni. Utaratibu uliozoeleka katika kampuni changa duniani ni kwamba hisa hizo hupatikana kidogo kidogo kwa miaka minne, na anayeondoka kabla ya mwaka mmoja hapati kitu, jambo ambalo ni la haki kwa pande zote mbili. Lakini utaratibu huo una maana pale tu unapoandikwa na kusainiwa, na hisa zinapotolewa kweli zikaonekana kwenye kumbukumbu za kampuni. Ahadi ya hisa isiyoandikwa huonekana haina gharama siku ya kuitoa, na gharama yake hujitokeza siku mwekezaji wa kwanza anapouliza nani anamiliki nini, fundi akasimama na kudai haki yake, na mwekezaji akafunga begi lake.

Nisiwaonee waanzilishi. Wafanyakazi pia huua kampuni. Wapo wanaowahamisha wateja kimya kimya kwenda kwenye biashara yao wenyewe, wapo wanaoongeza bei ya nauli na vipuri kwenye stakabadhi, na wapo wanaokuja kazini kwa ajili ya kuandika jina la kampuni kwenye wasifu wao. Kampuni kubwa inaweza kuubeba wizi mdogo kwa miaka. Kampuni changa haiwezi kuubeba hata miezi mitatu. Kumwajiri ndugu hakuondoi hatari hii, na mara nyingine huiongeza, kwa kuwa ndugu hafukuziki bila kikao cha ukoo. Kinachosaidia ni kutenganisha anayeidhinisha malipo na anayelipa, hata kama ofisi ina watu wanne, na kuhesabu mzigo kwa siku isiyotangazwa. Mfanyakazi mwaminifu hachukizwi na hesabu hizo. Zinamlinda asisingiziwe.

Lazima pia nikiri mpaka wa hoja yangu. Kuna vifo ambavyo wafanyakazi hawawezi kuvizuia. Mwezi Mei 2024 kampuni ya Copia Global ya Kenya, iliyokuwa ikiwafikishia bidhaa wateja wa vijijini kupitia mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi baada ya kushindwa kupata fedha zaidi, na zaidi ya wafanyakazi elfu moja wakajikuta kwenye hatari ya kupoteza ajira. Haitakuwa haki kusema kwamba watu hao hawakujituma. Biashara yenye faida ndogo kwa kila mzigo na gharama kubwa za usafirishaji inahitaji fedha nyingi kwa muda mrefu, na fedha za wawekezaji wa nje zilipopungua duniani, juhudi za dereva wa Machakos hazikuweza kuziba pengo hilo. Ninachosema ni kwamba katika kampuni nyingi ndogo tunazozijua, fedha huisha baada ya ukweli kuwa umeshafichwa kwa muda mrefu.

Nanyi wafanyakazi mliopo hapa, neno langu kwenu ni fupi. Anayejiunga na kampuni ya watu sita amekubali kazi ambayo haijaandikwa yote. Andikeni mnachokijua. Mfundishe mwenzako njia yako, hata kama unahisi kwamba kuijua peke yako kunakulinda usifukuzwe. Ulizeni hesabu za kampuni bila woga, maana mmeweka humo miaka yenu ya ujana. Na ukiona jambo linaharibika, liseme ndani kabla hujalisema nje.

Jambo la mwisho ni kwa wale ambao kampuni zao zitafungwa, kwa kuwa kwa takwimu nilizozitaja baadhi yetu tutafunga. Sheria inataka wafanyakazi waarifiwe mapema na washauriwe kabla ya kupunguzwa. Aliyetumikia mwaka mmoja au zaidi ana haki ya kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka kumi, na kila anayeondoka apewe hati ya utumishi. Tengeni fedha hizo mkiwa bado mnazo, msingoje akaunti ikauke. Andikeni hati hizo kwa ukweli, mkieleza kazi aliyoifanya kila mmoja, kwa sababu ataipeleka kwenye kampuni nyingine changa ya jiji hili, ambayo mwanzilishi wake huenda amekaa mstari wa nyuma humu ukumbini na anamhitaji mtu wa namna hiyo wiki ijayo.